Kalecki hakuwa "Keynes wa Poland": ajira, faida, na swali ambalo wanauchumi wa Warsaw walichelewa kujiuliza

Kama umesoma uchumi chuoni, huenda Michał Kalecki umekutana naye mara moja tu, tena kwenye tanbihi. Tanbihi yenyewe husema hivi: mwaka 1933, miaka mitatu kabla ya John Maynard Keynes kutoa kitabu chake kikubwa, kijana mmoja wa Poland alichapisha kijitabu chenye mawazo yanayofanana sana na ya Keynes. Bahati mbaya kiliandikwa kwa Kipolandi, kwa hiyo wakubwa wa London na Cambridge hawakukisoma. Hadithi inaishia hapo, mhadhiri anarudi kwa Keynes.

Sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili hadithi hii inatugusa, na ni rahisi kuipenda. Tarehe zake ni za kweli. Lakini nataka ukubaliane nami kwamba inatupotosha, kwa sababu inamfanya Kalecki aonekane mtu aliyewahi basi lilelile na kukosa kiti. Ukweli ni kwamba alikuwa anakwenda mahali pengine. Keynes aliamini kwamba serikali zikieleweshwa vizuri zitaondoa ukosefu wa ajira. Kalecki aliuliza: je, kama wenye nguvu wanaelewa vizuri kabisa, na bado hawataki?

Swali hilo ndilo lililozaa mkondo mzima wa fikra kule Poland. Katika makala hii nautetea mkondo huo, halafu naukosoa pale ninapoona ulijisahau.

Mhandisi asiye na digrii

Kalecki alizaliwa Łódź mwaka 1899, mji wa viwanda vya nguo. Alisomea uhandisi, akaacha kabla ya kumaliza kwa sababu ya hali ya fedha nyumbani. Digrii ya uchumi hakuwa nayo. Uchumi alijifunza mwenyewe, na vitabu alivyoanza navyo havikuwa vya profesa wa kawaida: alimsoma Mrusi Tugan-Baranovsky, akamsoma Rosa Luxemburg.

Luxemburg tusimpite haraka. Naye alizaliwa Poland, mji wa Zamość, mwaka 1871, na wengi wanamjua kama mwanamapinduzi aliyeuawa Berlin mwaka 1919. Ila mwaka 1913 alitoa kitabu cha uchumi, "Ulimbikizaji wa Mtaji", chenye swali moja linalosumbua. Mabepari wanazalisha zaidi kila mwaka, wafanyakazi wao wanalipwa sehemu tu ya thamani ya kile wanachozalisha. Sasa, hizo bidhaa zinazobaki ananunua nani? Jibu lake lilikuwa na kasoro, na wenzake Wamarx walimshambulia sana. Lakini swali lilibaki, na Kalecki alilichukua.

Mwaka 1929 alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa mwenendo wa uchumi na bei jijini Warsaw. Pamoja na mwenzake Ludwik Landau alikaa na takwimu akikadiria pato la taifa la Poland. Mdororo Mkuu ukaingia, viwanda vikafungwa, na yeye alikuwa mezani akiona namba zinavyoporomoka. Kijitabu cha 1933 kilitoka humo.

Faida inatoka wapi?

Ebu tujaribu hesabu yake. Usiogope, ni ya kujumlisha tu.

Chukua kisiwa kisichofanya biashara na nje wala hakina serikali. Kuna wafanyakazi na kuna wenye viwanda. Kwa mwaka, wafanyakazi wanalipwa milioni 100 na wanazitumia zote. Mshahara wao hauachi akiba. Wenye viwanda wanatumia milioni 20 kwa maisha yao wenyewe, na milioni 30 kununua mashine na kujenga majengo mapya. Mauzo yote kisiwani ni 100 + 20 + 30, yaani milioni 150. Gharama ya mishahara ni 100. Faida ya wenye viwanda wote kwa pamoja ni milioni 50.

Umeona? Hiyo 50 ni sawasawa na 20 + 30 waliyotumia wao wenyewe. Na haikutokea hivyo kwa sababu nimechagua namba vizuri. Mishahara inatoka kwa waajiri na kurudi kwao kupitia dukani, kwa hiyo inajifuta. Kinachobaki kama faida ni kile ambacho tabaka la wenye mali wenyewe wamekitoa. Na mwenye kiwanda anaweza kuamua kutumia zaidi kesho, lakini hawezi kuamua kupata faida zaidi kesho. Kwa hiyo chanzo ni matumizi na uwekezaji, na faida inafuata nyuma.

Sasa wenye viwanda wakaingiwa na hofu, uwekezaji ukashuka kutoka 30 hadi 10. Faida inakuwa 20 + 10 = 30. Kama mishahara kwa kawaida ni theluthi mbili ya pato lote, basi pato linaporomoka hadi 90 na mishahara hadi 60. Watu wanne kati ya kila kumi wako nje ya geti. Na hakuna aliyekuwa mvivu, hakuna aliyekosa ujuzi. Ni walewale waliokuwa kazini mwaka jana.

Wapo watakaosema: basi punguza mishahara, waajiri watachukua watu. Kwa kiwanda kimoja inaingia akilini. Kwa kisiwa kizima, matumizi na uwekezaji wa wenye mali havijabadilika, kwa hiyo jumla ya faida iko palepale. Kilichopungua ni uwezo wa wafanyakazi kununua. Kama bei hazishuki kwa kiasi kilekile, bidhaa zinarundikana ghalani, na wanaofuata kufukuzwa ni wale waliokubali kupunguziwa.

Tuingize serikali. Inakopa milioni 20 benki na kuwalipa wenye viwanda watengeneze barabara. Faida sasa ni 20 + 10 + 20. Tumerudi milioni 50, na watu wamerudi kazini. Wenye viwanda wenyewe wamenufaika!

Hapo sasa ndipo Kalecki anapoachana na hadithi ya tanbihi. Kama nakisi ya bajeti inaongeza faida, kwa nini wafanyabiashara wakubwa huipiga vita?

Insha ya 1943

Kufikia wakati huo Kalecki alikuwa Uingereza. Mwishoni mwa 1936, Landau na mwenzao mwingine, Marek Breit, walipofukuzwa katika ile taasisi ya Warsaw, yeye alijiuzulu kwa kupinga. Tangu 1940 alikuwa Oxford, katika Taasisi ya Takwimu. Mwaka 1943 alichapisha insha fupi kuhusu vipengele vya kisiasa vya ajira kamili. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora, na haina mlinganyo wa kuogopesha hata mmoja.

Anatoa sababu tatu za upinzani wa wakubwa wa biashara. Ya kwanza ni kwamba ajira ikitegemea imani ya wawekezaji, basi serikali lazima iwabembeleze. Chochote kinachowaudhi kinaweza kuleta mdororo. Siku serikali ikigundua kwamba yenyewe inaweza kutengeneza ajira, turufu hiyo inawatoka mkononi. Kelele za "bajeti lazima ilingane" zina kazi hiyo: kuilinda turufu. Ya pili inahusu matumizi yenyewe. Serikali ikijenga shule na barabara, wanakaa kimya kidogo, lakini ikiingia kwenye sekta zao, au ikitoa ruzuku ya chakula kwa wananchi, wanapinga, kwa sababu inavunja kanuni kwamba mtu hula kwa jasho lake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Ajira kamili ikidumu, kufukuzwa kazi hakuogopeshi tena. Mtu akitukanwa na msimamizi asubuhi, mchana ana kazi kwa jirani. Bosi anapoteza nidhamu kiwandani, na kwa wakubwa wengi nidhamu hiyo ni bora kuliko faida ya ziada. Kwa hiyo anatabiri mzunguko wa aina mpya: serikali inachochea uchumi wakati wa dhiki, kisha, ajira inapokaribia kujaa, shinikizo linakuja na matumizi yanakatwa.

Ona pia jinsi anavyoizungumzia Ujerumani ya Wanazi. Pale upinzani wa wakubwa kwa matumizi ya serikali ulilegea, lakini kwa masharti: fedha ziliingia kwenye silaha, na nidhamu ambayo hofu ya kukosa kazi ilikuwa inaileta ikaletwa na kambi za mateso. Mtu wa asili ya Kiyahudi kutoka Łódź aliandika hayo wakati vita vikiendelea, kwa sauti tulivu kabisa. Landau na Breit hawakutoka salama kwenye vita hivyo. Wote wawili waliuawa.

Pale insha inapoyumba

Sasa tuwe wakali kidogo. Tatizo la kwanza ni kwamba insha inawazungumzia "wakubwa wa biashara" kana kwamba wana kikao kila Jumatatu. Mwenye benki, mwenye kiwanda cha sabuni na mwenye kampuni ya ujenzi hawana maslahi yaleyale. Wa ujenzi hataki barabara zisitishwe. Kalecki anaonyesha nia bila kueleza vizuri nia hiyo inageukaje kuwa sera.

La pili ni historia. Baada ya vita, nchi nyingi za Ulaya Magharibi zilikaa na ajira karibu kamili kwa zaidi ya miaka 20, na ubepari haukuanguka wala wakubwa hawakufanikiwa kuivunja haraka. Hapa lazima nimpe heshima yake: hakuikwepa hoja. Pamoja na mwenzake mdogo Tadeusz Kowalik aliandika makala iliyotoka mwaka 1971, baada ya kifo chake, wakikubali kwamba ubepari ulikuwa umepitia mageuzi ya msingi ambayo hayakutarajiwa. Ni wanauchumi wangapi unaowajua waliorudi kusahihisha utabiri wao maarufu? Na ukiangalia miaka ya 1970 na 1980, serikali zilipoanza kukubali ukosefu mkubwa wa ajira kama bei ya kushusha mfumuko wa bei na kubana vyama vya wafanyakazi, unaweza kusema kwamba utabiri ulichelewa tu. Mimi nasita. Utabiri unaoruhusiwa kuchelewa miaka 30 ni mgumu kuupima.

Warsaw

Tatizo la tatu ndilo kubwa, na limelala nje ya insha.

Kalecki alifanya kazi Umoja wa Mataifa, New York, tangu 1946. Mwishoni mwa 1954, hali ya kuwasaka watu wa mrengo wa kushoto Marekani ilipomfikia hata kazini, aliondoka, akarudi Poland 1955. Alikabidhiwa mpango wa muda mrefu wa taifa, wa 1961 hadi 1975. Akawa profesa katika Shule Kuu ya Mipango na Takwimu, Warsaw, na akazungukwa na kundi la watu wenye vichwa: Kazimierz Łaski, Włodzimierz Brus, Ignacy Sachs, Kowalik, na baadaye kijana Jerzy Osiatyński. Oskar Lange naye alikuwepo mjini, yule aliyetetea miaka ya 1930 kwamba wapangaji wa kijamaa wanaweza kutumia bei kama soko linavyozitumia. Kuanzia 1962 kulikuwa pia na kozi ya mipango kwa wanauchumi kutoka nchi zinazoendelea.

Kwenye mipango, Kalecki alikuwa upande wa mlaji. Aliwaambia viongozi kwamba wakikimbiza uwekezaji kupita kiasi, watu watakula kidogo leo kwa ahadi ya kesho isiyo na uhakika. Hawakumsikiliza sana. Na alipoandika nadharia yake ya ukuaji wa uchumi wa kijamaa, mwaka 1963, alichora ndani yake mkondo wa maamuzi ya serikali: ni kiasi gani serikali iko tayari kupunguza matumizi ya sasa ili ukuaji uongezeke.

Linganisha sasa hiyo serikali na ile ya 1943. Katika insha ya Oxford, serikali ni uwanja wa mapambano. Kila bajeti ina mtu anayeivuta. Katika kitabu cha Warsaw, serikali imegeuka kuwa mstari kwenye grafu. Nani anauchora? Anamjibu nani? Msimamizi wa kiwanda cha serikali, afisa wa chama, jenerali: je, wao hawana maslahi? Mtu aliyewafundisha Waingereza kuuliza "nani anafaidika na ukosefu wa ajira" hakuuliza hadharani "nani anafaidika na mpango". Unaweza kusema hakuweza, kwa sababu ya udhibiti wa uchapishaji. Kwa sehemu ni kweli. Lakini hata ndani ya nadharia yenyewe, nafasi ya swali hilo iliachwa tupu.

Jibu lilikuja lenyewe. Machi 1968, baada ya maandamano ya wanafunzi, chama kilianzisha kampeni dhidi ya Wayahudi na dhidi ya wasomi waliopachikwa jina la wapotoshaji wa Umarx. Kundi la Kalecki lilishambuliwa vikaoni. Yeye akajiuzulu, kama alivyofanya 1936. Watu takribani 13,000 waliondoka Poland katika miaka michache iliyofuata. Łaski alikwenda Austria. Sachs alikwenda Paris. Brus alifukuzwa chuo kikuu, mwaka 1972 akaondoka Poland, na mwishowe akaishia Oxford. Kowalik alibaki, akiwa ametolewa kwenye chama. Kalecki alifariki Aprili 1970. Mkondo ulivunjwa katika nchi iliyokuwa na ajira kamili, bila bepari hata mmoja kuhusika.

Ni Brus aliyeliokota swali lililoachwa. Akiwa uhamishoni, mwaka 1975, alitoa kitabu kilichouliza kama mali ya serikali inaweza kuitwa mali ya umma wakati umma hauna namna ya kuidhibiti serikali. Kwangu huo ndio ukurasa uliokosekana wa ile insha ya 1943.

Baada ya 1989

Waliobaki waliishi kuona mtihani wa mwisho. Tarehe 1 Januari 1990 mpango wa waziri Leszek Balcerowicz ulianza: bei zikafunguliwa, ruzuku zikakatwa, mikopo ikabanwa. Pato la taifa lilishuka kwa zaidi ya asilimia 15 katika miaka miwili, na mwisho wa 1993 ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 16. Kowalik, ambaye mwaka 1980 aliwashauri wafanyakazi wa Gdańsk walipogoma, aliutazama mpango huo kama usaliti kwa wafanyakazi hao. Łaski naye aliupinga kwa hoja za mahitaji: ukibana kila mtu kwa pamoja, nani atanunua? Osiatyński alichukua njia nyingine, akawa waziri wa fedha mwaka 1992 hadi 1993.

Hapa mashabiki wa Kalecki huishia, na si haki. Kuanzia 1992 uchumi wa Poland ulikua kila mwaka hadi 2019, hata 2009 majirani walipoanguka. Mkosoaji lazima aeleze hilo pia. Wafuasi wa Balcerowicz nao wana la kueleza: kwa nini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndani ya ukuaji huohuo, mtu mmoja kati ya watano hakuwa na kazi, na maelfu kwa maelfu wakapanda mabasi kwenda Uingereza na Ireland baada ya 2004. Ukuaji na ajira vinaweza kutembea njia tofauti. Hilo wanafunzi wa Kalecki walilisema mapema.

Tubaki na nini?

Kwanza, tahadhari. Usikimbilie kuchukua hesabu ya kisiwa na kuibandika Tanzania au Kenya. Kalecki mwenyewe angekuzuia. Katika maandishi yake ya miaka ya 1960 alisema wazi kwamba nchi tajiri na nchi maskini zina magonjwa tofauti. Kule mashine zipo, zimelala kwa kukosa wanunuzi. Katika nchi maskini mashine zenyewe hazitoshi, na ukiongeza fedha mfukoni mwa watu bila chakula kuongezeka, unapandisha bei ya unga, na mshahara wa maskini unaliwa humo. Kwa hiyo kilimo, ardhi na kodi kwa wenye nacho vinatangulia. Hapo pia alitazama nani ataumia na mageuzi na atayapinga.

Pili, chukua swali. Mara nyingi vijana wanaambiwa hawana ajira kwa sababu hawana ujuzi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwenye kile kisiwa, kila mtu alikuwa na ujuzi na bado wanne kati ya kumi walikaa nje. Ukisikia maelezo ya ukosefu wa ajira yanayoishia kwenye tabia ya asiye na kazi, uliza matumizi na uwekezaji viko wapi, halafu uliza nani angepoteza nini kama kila mtu angekuwa na kazi.

Na ukishazoea kuuliza hivyo kuhusu waajiri, liulize swali hilohilo kuhusu wale unaowaamini. Kalecki hakufanya hivyo kwa ukali uleule, na mwaka 1968 gharama yake waliilipa yeye na marafiki zake. Insha ya 1943 ina kurasa chache tu. Isome jioni moja, na ukimaliza, isome tena ukiweka jina la chama au wizara kila palipoandikwa wakubwa wa biashara.